Umeme katika nafasi finyu: Sheria moja, tabia tatu

ELEKTRODINAMIKI ya kwanta ni nadharia ya fizikia inayoeleza jinsi mwanga na chembe zenye chaji ya umeme zinavyoathiriana. Kwa mujibu wa nadharia hii, elektroni mbili husukumana kwa kubadilishana fotoni, yaani chembe za mwanga. Misingi yake iliimarishwa katika miaka ya 1940 na Sin-Itiro Tomonaga wa Japani, pamoja na Julian Schwinger na Richard Feynman wa Marekani. Watatu hao walituzwa Nobel ya Fizikia mwaka wa 1965.

Ni miongoni mwa nadharia zilizopimwa kwa makini zaidi katika historia ya sayansi. Mnamo 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha kipimo cha usumaku wa elektroni moja ambacho kilikubaliana na hesabu za nadharia kwa usahihi wa takriban sehemu moja katika trilioni moja.

Hesabu hizo zote huchukulia kwamba nafasi ina dimensheni tatu, yaani urefu, upana na kimo. Je, nini kingetokea iwapo dimensheni moja au mbili kati ya hizo zingeondolewa, na elektroni ikabaki kwenye ubapa usio na kimo, au kwenye mstari usio na upana wala kimo?

Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa mchezo wa wanahisabati. Hata hivyo, majibu yake yamewasaidia wanafizikia kuelewa ni kwa nini chembe zilizomo ndani ya protoni haziwezi kutolewa nje, na ni kwa namna gani chembe isiyo na tungamo inaweza kuipata. Isitoshe, tangu 2004 wanasayansi wanayo maada halisi ambamo elektroni huishi katika dimensheni mbili.

Maana ya kawi ya chini

Katika fizikia ya kwanta, kawi na umbali huenda kinyume. Anayetaka kuchunguza kitu kidogo sana hana budi kutumia kawi kubwa. Kinyume chake, kawi ya chini huonyesha mambo jinsi yanavyoonekana kutoka mbali. Mtu aliye sokoni husikia maneno ya kila mchuuzi, lakini aliye mlimani husikia uvumi tu wa soko zima. Tabia ya kawi ya chini ndiyo uvumi huo: ni kile kinachosalia baada ya vurugu za karibu kutulia.

Katika dimensheni tatu, nguvu ya umeme hupimwa kwa namba moja isiyo na kizio, ambayo thamani yake ni takriban 1/137. Namba hiyo si thabiti kabisa. Chembe zinapogongana kwa kawi ya takriban elektronivolti bilioni 91, hupanda hadi kama 1/128.

Sababu ni kwamba ombwe si tupu. Ndani yake jozi za elektroni na positroni, ambayo ni pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, huchomoza na kutoweka mara moja. Jozi hizo huizingira chaji yoyote iliyopo na kuisitiri kwa kiasi fulani. Anayeikaribia chaji hiyo hupenya sitara na kuiona ikiwa na nguvu zaidi.

Lakini kuunda jozi kunahitaji kawi isiyopungua mara mbili ya tungamo ya elektroni. Chini ya kiwango hicho, mabadiliko ya sitara hukoma na namba hutulia kwenye 1/137. Kwa hivyo, kutoka mbali ulimwengu wetu ni mtulivu. Elektroni hubaki elektroni, nayo fotoni, kwa kuwa haina tungamo, husafiri bila kikomo. Ndiyo maana mwanga wa nyota zilizo mbali hutufikia.

Koroboi, kidimbwi na bomba

Utulivu huo hutoweka nafasi inapopunguzwa. Mnamo 1785, Charles-Augustin de Coulomb wa Ufaransa alionyesha kuwa kani baina ya chaji mbili hupungua kulingana na mraba wa umbali. Umbali ukiongezwa maradufu, kani hubaki robo.

Chanzo cha kanuni hiyo ni ukubwa wa nafasi yenyewe. Mwanga wa koroboi iliyoning'inizwa gizani husambaa pande zote kama tufe linalotanuka. Kila umbali unapoongezeka maradufu, mwanga uleule hulazimika kuenea kwenye eneo mara nne. Kani ya umeme husambaa vivyo hivyo.

Katika dimensheni mbili, mfano ufaao ni viwimbi vya kidimbwi. Duara la kiwimbi likitanuka maradufu, mzingo wake pia huongezeka maradufu tu. Hivyo kani hubaki nusu badala ya robo.

Katika dimensheni moja, mfano ni maji ndani ya bomba lisilovuja. Hayana pa kusambaa. Kiasi kinachopita mwanzoni ndicho kinachopita mwishoni, na kani baina ya chaji mbili haipungui hata kidogo, ziwe karibu au mbali.

Tofauti hii ina athari kubwa. Katika ulimwengu wetu, kuing'oa elektroni kutoka kwa atomu ya haidrojeni kunagharimu elektronivolti 13.6, na baada ya hapo elektroni huwa huru. Katika dimensheni mbili, gharama hupanda polepole kwa kufuata logi ya umbali, lakini haifiki kikomo. Katika dimensheni moja, kila hatua hugharimu sawa na iliyotangulia, na hakuna kiasi cha kawi kinachotosha kuzitenganisha chaji hizo kabisa.

Kuna sababu ya pili. Kwa vizio vinavyotumiwa na wanafizikia wa chembe, chaji katika dimensheni tatu ni namba tupu. Katika dimensheni mbili, mraba wa chaji huwa wenyewe ni kipimo cha kawi. Katika dimensheni moja, chaji yenyewe ndiyo kipimo hicho. Kwa hivyo kinachoamua nguvu ya umeme ni uwiano baina ya chaji na kawi iliyopo.

Kawi ikiwa kubwa, uwiano huo huwa mdogo na elektroni huwa kana kwamba ziko huru. Kawi ikipungua, uwiano hukua. Mbinu ya kawaida ya kukokotoa hatua kwa hatua, ambayo imefaulu mno katika dimensheni tatu, huanguka. Kufikia hapo, nadharia hulazimika kutafutiwa njia nyingine.

Mwanga unaopata tungamo

Njia mojawapo ilipatikana mwaka wa 1962, Schwinger alipochapisha katika jarida la Physical Review uchambuzi wa ulimwengu wa dimensheni moja ambamo elektroni hazina tungamo. Kielelezo hicho, kinachojulikana hadi leo kwa jina lake, kinaweza kutatuliwa kikamilifu bila makadirio yoyote.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Wakati huo iliaminika na wengi kuwa ulinganifu ulio katika sheria za umeme huilazimisha fotoni kutokuwa na tungamo. Schwinger alionyesha kwamba si lazima. Katika kielelezo chake, ulinganifu unadumu lakini chembe inayotokana na uga wa umeme ina tungamo iliyo sawa na chaji ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha pai, yaani takriban 0.564 ya chaji.

Ikumbukwe kuwa katika mstari hakuna mwanga wa kawaida. Mwanga hutikisika kuelekea pembeni mwa njia yake, na mstari hauna pembeni. Kinachosafiri humo ni uga wa umeme ukishirikiana na jozi za elektroni na positroni.

Ushirikiano huo ndio kiini cha mambo. Kwa kuwa elektroni hazina tungamo, kuunda jozi mpya hakugharimu takriban chochote. Chaji yoyote inapowekwa mahali, ombwe hutoa jozi zinazokimbilia kuifunika, na safari hii sitara huwa kamili. Uga wa umeme hufifia baada ya umbali mfupi. Kwa kawi ya chini, elektroni iliyo peke yake haionekani kamwe. Kinachoonekana ni chembe moja isiyo na chaji, ambayo ni elektroni na positroni zilizoungana.

Wazo hilo halikuishia kwenye mstari. Mnamo 1963, Philip Anderson wa Marekani alieleza kuwa jambo linalofanana na hilo hutokea katika maada zinazopitisha umeme bila ukinzani. Mwaka uliofuata, Peter Higgs wa Uingereza, na vilevile Robert Brout na François Englert waliokuwa Ubelgiji, walichapisha maelezo ya jinsi chembe zinazobeba kani zinavyoweza kupata tungamo katika ulimwengu wa kawaida. Chembe iliyotabiriwa kutokana na kazi hiyo ilitangazwa kugunduliwa katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, mwaka wa 2012.

Kamba isiyotoa ncha moja

Elektroni zikipewa tungamo, kielelezo cha Schwinger hubadilika sura. Suala hili lilichunguzwa mnamo 1975 na Sidney Coleman, Roman Jackiw na Leonard Susskind.

Katika hali hii, uga wa umeme baina ya elektroni na positroni hufanana na kamba iliyokazwa. Kadiri zinavyovutwa mbalimbali ndivyo kawi inavyolimbikizwa katika kamba hiyo. Kawi ikifika mara mbili ya tungamo ya elektroni, jozi mpya huchomoza kutoka kwa ombwe na kamba hukatika. Elektroni mpya hujiunga na positroni ya zamani, nayo positroni mpya hujiunga na elektroni ya zamani. Aliyetaka kupata elektroni moja huru huishia kuwa na jozi mbili. Ni sawa na anayekata kamba akitafuta kipande chenye ncha moja. Kila kipande kitakuwa na ncha mbili.

Kisa hicho kinafanana sana na cha kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni. Wazo la kwaki lilitolewa na Murray Gell-Mann na George Zweig mwaka wa 1964, na majaribio yaliyofanywa Stanford, California, mwishoni mwa mwongo huo yakaonyesha dalili za kuwepo kwake. Hata hivyo, hakuna kwaki hata moja iliyowahi kuonekana ikiwa peke yake.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba uga unaounganisha kwaki hausambai kama mwanga wa koroboi. Hujibana wenyewe na kuwa bomba jembamba, na ndani ya bomba hilo kani haipungui kwa umbali, kama ilivyo katika dimensheni moja. Ukubwa wake unakaribia uzani wa tani 15, ingawa inafanya kazi baina ya chembe ndogo kuliko atomu.

Lakini kueleza si kuthibitisha. Mnamo 2000, Taasisi ya Hisabati ya Clay nchini Marekani ilitoa orodha ya maswali saba, kila moja likiwa na zawadi ya dola milioni moja. Mojawapo linadai uthibitisho wa kihisabati kwamba nadharia za aina inayotawala kwaki, zikiwa katika dimensheni tatu za nafasi na moja ya wakati, haziwezi kutoa chembe yenye tungamo ndogo kiasi chochote. Zawadi hiyo haijachukuliwa. Katika kielelezo cha Schwinger, jibu la swali kama hilo linajulikana hadi tarakimu ya mwisho. Ndiyo sababu mbinu nyingi mpya za kukokotoa hujaribiwa kwanza hapo kabla ya kuaminiwa kwingine.

Ubapa na mabishano yake

Dimensheni mbili ziko katikati ya hali hizo mbili, na humo ndimo mna mabishano makubwa zaidi.

Swali la kwanza linahusu uga wenyewe. Alexander Polyakov, akiwa katika uliokuwa Muungano wa Sovieti, alichapisha kazi mbili mnamo 1975 na 1977 kuhusu uga ambao thamani zake huzunguka na kurudi zilikoanza, kama akrabu ya saa. Uga wa aina hiyo hutokea nafasi inapochukuliwa kuwa kimia chenye mafundo badala ya kuwa mfululizo. Polyakov alionyesha kuwa mizunguko ya ghafla ndani ya uga huo huipa fotoni tungamo ndogo mno, na kani baina ya chaji mbili hukoma kupungua kwa umbali. Hata chaji ikiwa dhaifu, hatimaye chembe hufungwa pamoja.

Swali la pili linahusu elektroni zisizo na tungamo. Je, nguvu ya umeme inayokua kwa kawi ya chini inaweza kuzilazimisha zijipatie tungamo? Robert Pisarski alilichunguza suala hilo mwaka wa 1984. Mnamo 1988, Thomas Appelquist, Daniel Nash na L.C.R. Wijewardhana walikadiria kuwa jibu hutegemea idadi ya aina za elektroni zilizopo. Zikiwa chini ya 32 ikigawanywa kwa mraba wa pai, yaani takriban 3.24, tungamo huchipuka. Zikizidi hapo, sitara huwa nene kiasi cha kuidhibiti kani, na ulimwengu huo huonekana vilevile kutoka umbali wowote.

Makadirio hayo hayajakubalika na wote. Nikhil Karthik na Rajamani Narayanan, waliotumia kompyuta kuchunguza kimia, waliripoti mnamo 2016 kuwa hawakuona ushahidi wa tungamo kuchipuka hata aina za elektroni zilipokuwa chache kabisa.

Mabishano hayo si ya kinadharia pekee. Milinganyo ya aina hii hutumiwa kueleza baadhi ya sumaku ambazo ndani yake usumaku wa atomu haupangiki hata baridi ikizidi. Aliye na jibu la swali hilo anaweza kutabiri iwapo maada kama hizo zitadumu katika hali hiyo au zitabadilika na kuwa kitu kingine.

Grafini, ubapa ulio mkononi

Mnamo 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitangaza kuwa wamefaulu kubandua tabaka moja la atomu za kaboni kutoka kwa grafiti, maada inayotumiwa kutengenezea penseli. Walitumia utepe wa gundi wa kawaida. Tabaka hilo huitwa grafini, na wavumbuzi wake walituzwa Nobel ya Fizikia mwaka wa 2010.

Hesabu zilikuwa zimetangulia. Philip Wallace alikokotoa tabia ya elektroni katika tabaka kama hilo mwaka wa 1947, naye Gordon Semenoff akaeleza mnamo 1984 kuwa tabaka hilo linaweza kuiga elektrodinamiki ya dimensheni mbili. Ndani ya grafini, elektroni huenda kana kwamba hazina tungamo, kwa kasi ya takriban mita milioni moja kwa sekunde. Hiyo ni kama sehemu moja ya 300 ya kasi ya mwanga.

Hata hivyo, grafini si nakala kamili ya ulimwengu uliojadiliwa hapo awali. Elektroni zimefungwa kwenye ubapa, lakini uga wake wa umeme husambaa juu na chini katika dimensheni zote tatu. Kwa hivyo kani hufuata kanuni ya Coulomb ya mraba wa umbali, na nguvu ya umeme hubaki kuwa namba tupu. Namba yenyewe ndiyo imebadilika. Kwa kuwa elektroni ziko polepole mara 300 kuliko mwanga, 1/137 huzidishwa kwa 300 na kufikia takriban 2.2 grafini inapokuwa haijagusana na maada nyingine.

Namba kubwa kiasi hicho ilitarajiwa kuleta vurugu. Lakini mnamo 1994, miaka kumi kabla ya grafini kubanduliwa, wanafizikia José González, Francisco Guinea na María Vozmediano walikuwa wametabiri kuwa kawi inapopungua, kasi ya elektroni itapanda polepole, na kwa kufanya hivyo itaidhoofisha nguvu ya umeme. Mnamo 2011, kundi lililoongozwa kutoka Manchester lilipima grafini iliyoning'inizwa na kukuta kasi ikipanda hadi takriban mita milioni tatu kwa sekunde. Aidha, hakukuwa na dalili ya elektroni kujipatia tungamo, hata kwa kawi ndogo sana.

Grafini pia imeifanya namba ya 1/137 ionekane kwa macho. Vipimo vilivyochapishwa mwaka wa 2008 vilionyesha kuwa tabaka moja hufyonza asilimia 2.3 ya mwanga unaolipita. Kiasi hicho ni pai ikizidishwa kwa 1/137.

Kompyuta za ayoni

Yapo maswali ambayo hata kompyuta zenye uwezo mkubwa haziyamudu, hasa yanayohusu jinsi mambo yanavyobadilika wakati ukisonga. Kila chembe ya kwanta inayoongezwa huzidisha hesabu angalau maradufu. Chembe 50 zenye hali mbili kila moja huhitaji namba zaidi ya trilioni 1,000 kueleza hali yake kwa ukamilifu.

Suluhisho linalojaribiwa ni kuiga kwanta kwa kutumia kwanta. Mnamo 2016, watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kompyuta ya kwanta iliyoundwa kwa ayoni nne tu za kalsiamu. Kwa kuziongoza ayoni hizo kwa miale ya leza, waliiga kielelezo cha Schwinger na kufuatilia jinsi jozi za elektroni na positroni zinavyochomoza kutoka kwa ombwe.

Ayoni nne ni chache mno kuweza kujibu swali la kwaki. Lakini kwa kuwa jawabu la kielelezo hicho linajulikana, watafiti walikuwa na cha kulinganishia matokeo yao, jambo ambalo halingewezekana kama wangeanzia kwenye protoni. Kabla ya kompyuta kama hizo kuaminiwa katika dimensheni tatu, hazina budi kwanza kufaulu katika mstari, kisha katika ubapa, ambako swali la idadi ya aina za elektroni lingali wazi.